Muasi wa Sinema na Muasi wa Kweli

Wasee, kuna picha lazima umewahi kuiona mahali. Kijana mzungu, jaketi jekundu, fulana nyeupe, jinzi, sigara, uso wa mtu ambaye dunia haimbabaishi. Mimi niliiona mara ya kwanza kwa fulana ya mtumba, hata sikujua ni nani. Huyo ni James Dean, na picha inatoka kwa filamu ya mwaka wa 1955, Rebel Without a Cause. Ukileta jina hilo kwa Kiswahili unapata kitu kama muasi asiye na sababu.

Nimeitazama mara tatu. Kila nikimaliza nabaki na swali moja: nani aliamua huyu kijana hana sababu?

Kwanza hadithi yenyewe, kwa wale hawajaiona. Jim Stark amehamia Los Angeles na wazazi wake. Si mara ya kwanza kuhama. Kila akiingia kwa shida, familia inafunga virago na kwenda kuanza upya mahali pengine. Tunakutana naye usiku, amelewa, kituo cha polisi. Kesho yake ni siku ya kwanza shule mpya, Dawson High. Hata kabla ya kuingia darasani anakanyaga nembo ya shule iliyochorwa chini pale mlangoni, na anagombezwa papo hapo. Kama umewahi kuwa mono shule ya bweni unajua hiyo hisia. Kuna sheria zimejaa kila mahali na hakuna mtu amekuambia hata moja.

Halafu genge la Buzz linamwandama. Wanamwita kuku, na kuku kwa Marekani maana yake ni mwoga. Wanapigana kwa visu nje ya Griffith Observatory, ile nyumba ya kuangalia nyota juu ya kilima. Usiku wanashindana kwa magari ya wizi: wawili mnaendesha mbio mkielekea ukingo wa jabali, na wa kwanza kuruka nje ndiye kuku. Mkono wa jaketi la Buzz unanasa kwa mlango. Hatoki. Anaenda chini na gari.

Sasa sikiza vizuri. Jim anarudi nyumbani na kuwaambia wazazi anataka kwenda polisi kusema ukweli. Ni wazazi wanamwambia anyamaze. Huyo ndiye muasi asiye na sababu? Yule mtu pekee nyumbani anayetaka kusema ukweli?

Na hilo jina lina historia yake. Mwaka wa 1944 mwanasaikolojia anaitwa Robert Lindner alichapisha kitabu chenye jina hilo kuhusu mfungwa aliyekuwa akimtibu. Kampuni ya Warner Bros. ikanunua haki za kitabu. Miaka ikapita, na mwelekezi Nicholas Ray alipotengeneza filamu yake, hadithi ya mfungwa haikutumika. Kilichobaki ni jina tu. Yaani jina la kumweleza mhalifu gerezani lilihamishwa likabandikwa mtoto wa shule, na hakuna aliyeshtuka.

Hawakushtuka kwa sababu 1955 watu wazima wa Marekani walikuwa wanaogopa watoto wao wenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vimeisha miaka kumi, pesa iko, vijana wana magari, wana muziki wao, wana nguo zao. Seneti ilikuwa na kamati nzima ya kuchunguza uhalifu wa vijana. Mwaka huo huo seneta Estes Kefauver aliipeleka kamati Los Angeles kuhoji watu wa sinema, kama filamu ndizo zinaharibu watoto. Ile tabia ya kulaumu TikTok haikuanza na sisi.

Ray alifanya ujanja mmoja ambao mimi nampa heshima. Badala ya kuwaelekezea watoto kamera peke yao, aliwageuzia wazazi pia. Baba yake Jim hawezi kujibu swali lolote la mwanawe. Baba yake Judy anamzaba kofi kwa kutaka kumbusu shavuni. Rafiki yao Plato wazazi wake hawaonekani kabisa, analelewa na mfanyakazi wa nyumbani. Mwisho wa filamu polisi wanampiga Plato risasi akiwa ameshika bastola ambayo Jim ameshaitoa risasi.

James Dean alikufa kwa ajali ya gari tarehe 30 Septemba 1955, akiwa na miaka 24. Filamu ilitoka karibu mwezi mmoja baadaye. Kifo chake kikaifanya picha ya jaketi jekundu kuwa ya milele. Tangu hapo, kila filamu ya mgeni mkaidi anayeingia shule mpya inakopa kitu kwa Jim Stark.

Lakini rudi kidogo kwa yule mfanyakazi wa nyumbani anayemlea Plato. Ni mwanamke mweusi, aliigizwa na Marietta Canty. Jim, Judy, Plato na Buzz wote ni wazungu. Kwa hiyo nikajiuliza, mtoto wa mama kama huyo angekuwa mgeni kwa shule kama Dawson High, siku yake ya kwanza ingekuwaje?

Hili halihitaji kubuniwa. Lilitokea miaka miwili baadaye, jimbo la Arkansas, mji wa Little Rock.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka wa 1954 kwamba kutenga shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Septemba 1957 wanafunzi 9 weusi walichaguliwa kuingia Central High School, shule ya wazungu karibu 2000. Mmoja wao, Elizabeth Eckford, alikuwa na miaka 15. Nyumbani kwao hakukuwa na simu, kwa hivyo hakupata ujumbe kwamba wote waende pamoja. Tarehe 4 Septemba alienda peke yake, amevaa rinda jipya lililoshonwa nyumbani kwa ajili ya siku hiyo. Gavana Orval Faubus alikuwa ameweka wanajeshi wa jimbo mlangoni, wakamzuia. Nyuma yake umati wa wazungu ukimfuata na matusi mpaka kituo cha basi.

Jim Stark alikanyaga nembo ya shule akagombezwa. Elizabeth hakufika hata kwa hiyo nembo.

Ilibidi Rais Eisenhower atume jeshi, zaidi ya wanajeshi 1000. Tarehe 25 Septemba wale 9 waliingia darasani wakisindikizwa na bunduki. Na kuingia ilikuwa mwanzo tu. Ndani walisukumwa kwa ngazi, wakapigwa mateke, wakatemewa mate. Walikuwa wameambiwa sheria moja: usijibu. Chochote wakikufanyia, usijibu.

Mmoja wao alikuwa Minnijean Brown, miaka 16. Desemba 1957 alikuwa anapita kwa ukumbi wa chakula na trei yake. Wavulana wakaanza kumsukumia viti njiani. Trei ikaenda chini, na bakuli la chili, ule mchuzi wa nyama ya kusaga na maharagwe, likawamwagikia wavulana wawili kichwani. Inasimuliwa kwamba ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu wafanyakazi weusi wa jikoni wakapiga makofi.

Minnijean akasimamishwa shule. Aliporudi, mambo hayakuwa yamebadilika. Februari 1958 msichana mmoja alimpiga na mkoba uliojaa makufuli. Minnijean akautupa mkoba chini na kumtusi yule msichana. Hakumrudishia hata kofi. Akafukuzwa kabisa. Shuleni wanafunzi wazungu wakasambaza kadi za kusherehekea kwamba mmoja ameenda, wamebaki wanane.

Ukiziweka hizi hadithi mbili kando kwa kando, inauma. Jim anapigana kwa kisu, anaendesha gari la wizi, mtu anakufa, na mwisho wa filamu baba anamkumbatia na kumwahidi atasimama naye. Sisi watazamaji tunalia naye. Minnijean anatupa mkoba aliopigwa nao, anatukana mara moja, na mlango unafungwa. Jim aliitwa hana sababu na kila mtu akatafuta sababu yake. Minnijean alikuwa na sababu ambayo hata mahakama kuu ya nchi iliitambua, lakini shule iliona hasira tu.

Simsemi vibaya Jim. Uchungu wake ni wa kweli, na filamu ni nzuri. Ninachosema ni kwamba uasi una bei tofauti kulingana na nani ameasi. Kuna wale hasira yao inaitwa ujana, watapita tu. Kuna wale hasira yao inakuwa ushahidi dhidi yao.

Hii naijua kidogo kutoka kwangu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nimeona vile watu wanauliza maswali mawili tofauti. Mtoto wa tajiri akiacha chuo anaulizwa anapanga nini. Mtoto wa mama mboga akiacha chuo anaulizwa ana shida gani. Na sote tunakumbuka Juni 2024, tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Mswada ulikuwa umeandikwa, tuliusoma, tukautaja kwa vifungu. Bado kuna wakubwa waliouliza nani ametutuma.

Minnijean hakuishia hapo. Alienda New York kukaa na Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia ambao utafiti wao kuhusu watoto weusi na wanasesere ulitumika katika kesi ile ya 1954. Akamaliza sekondari huko mwaka wa 1959. Ernest Green, mmoja wa wale wanane waliobaki, alihitimu Central High Mei 1958, mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka wa 1999 wote 9 walipewa Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani, pamoja na yule aliyefukuzwa.

Miaka 41 baadaye. Ndiyo, heshima ilikuja, lakini ilimkuta akiwa mama wa miaka 58. Alipoihitaji zaidi alikuwa na miaka 16, ameshika trei, na hakuna mtu mzima kwa ile shule aliyemuuliza sababu yake ni gani.