Kifuniko cha bodi la pikapu: Je, kinapunguza matumizi ya mafuta?

NCHELENGE, Zambia – Samaki wanaotoka kisiwa cha Chisenga hufika bara kwa mitumbwi na boti. Kuanzia Nchelenge na soko la Kashikishi, safari inayobaki ni ya barabara. Pikapu na malori hupakia magunia ya chisense, yaani dagaa wa Ziwa Mweru, pamoja na samaki wakubwa waliokaushwa. Mzigo huo huteremka hadi Mansa, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Wengine huendelea hadi Copperbelt kwa kuvuka daraja la Chembe, lililochukua nafasi ya pantoni mwaka 2008, na kupita njia ya Pedicle ndani ya ardhi ya Kongo.

Katika safari kama hiyo mafuta ni gharama isiyokwepeka. Serikali ya Zambia iliondoa ruzuku ya mafuta Desemba 2021, na tangu mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati (ERB) imekuwa ikipitia bei za pampu kila mwezi. Msafirishaji hana uwezo wa kubadili bei hiyo. Anachoweza kubadili ni idadi ya lita anazochoma. Ndiyo maana wauzaji wa vifaa vya magari hupata wasikilizaji wanaposema kwamba kufunika bodi la pikapu hupunguza matumizi ya mafuta.

Makala hii inaeleza ukweli wa dai hilo, hesabu yake kwa msafirishaji wa mwambao wa Mweru, na mambo mengine yanayookoa mafuta zaidi ya kifuniko.

Jibu kwa ufupi

Kifuniko kinaweza kupunguza matumizi ya mafuta, lakini kwa kiasi kidogo na kwa masharti matatu: gari liwe kwenye barabara nzuri, liwe kwenye mwendo wa kasi, na mzigo usizidi kuta za bodi. Pikapu iliyojazwa magunia hadi juu ya kabini haitimizi sharti la tatu. Kwa mfanyabiashara wa samaki, faida kubwa ya kifuniko ni kulinda mzigo.

Aina za vifuniko

Bodi ni sehemu ya wazi ya kubebea mizigo nyuma ya kabini. Vifuniko vyake ni vya aina tatu.

1. Kifuniko laini. Ni kitambaa kizito cha plastiki kinachovutwa juu ya fremu na kukunjwa pale kisipotumika. Ni chepesi na bei yake ni nafuu, lakini hukatika kwa kisu.

2. Kifuniko kigumu. Hutengenezwa kwa faiba au alumini na hufungwa kwa kufuli. Kinalinda vizuri dhidi ya wizi, ila ni kizito na bei yake ni kubwa zaidi.

3. Kanopi. Hiki ni kibanda kamili kinachofikia urefu wa kabini au kuuzidi. Hubeba mzigo mwingi ukiwa mkavu, lakini huongeza uzito wa gari hata linapotembea tupu.

Turubai la kawaida linalofungwa kwa kamba juu ya magunia haliingii katika hesabu ya kuokoa mafuta. Kazi yake ni kuzuia mvua na vumbi.

Hewa inavyolivuta gari nyuma

Gari linapotembea hutumia nguvu kushinda vitu viwili vikubwa: ukinzani wa matairi barabarani na ukinzani wa hewa. Ukinzani wa matairi hutegemea zaidi uzito wa gari, upepo wa matairi na hali ya barabara. Ukinzani wa hewa hutegemea ukubwa wa gari, umbo lake na mwendo.

Mwendo ndio unaoleta tofauti kubwa. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari linalotembea kilomita 80 kwa saa hupambana na ukinzani wa hewa mara nne ya ule wa kilomita 40 kwa saa. Kwa hiyo kifaa chochote kinachorekebisha mkondo wa hewa huwa na maana kwenye lami na mwendo wa kasi. Kwenye barabara ya udongo yenye mashimo, pikapu iliyobeba tani moja hupoteza nguvu nyingi kwenye matairi, na kifuniko hakigusi sehemu hiyo.

Katika pikapu iliyo wazi, hewa hupita juu ya kabini na kushuka kuelekea bodi. Mlango wa nyuma wa bodi ukiwa umefungwa, sehemu ya hewa hiyo hunaswa na kuzunguka ndani ya bodi kama maji kwenye beseni. Mzunguko huo huwa mfano wa mto wa hewa, na hewa inayofuata huteleza juu yake. Kifuniko huendeleza kazi hiyo kwa kuweka uso ulio sawa kutoka nyuma ya kabini hadi kwenye mlango wa nyuma.

Hapa ndipo kosa moja la zamani linapojitokeza. Wapo madereva wanaoteremsha mlango wa nyuma au kuuvua kabisa wakiamini kwamba hewa itapita bila kizuizi. Mwaka 2004 mtafiti Kevin Cooper wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada alichapisha matokeo ya vipimo vya pikapu katika handaki la upepo. Ushauri wake uliwekwa hadi kwenye kichwa cha ripoti: acheni mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Ukiteremshwa, mto ule wa hewa huvunjika. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na unafaa kwa pikapu yoyote inayorudi tupu.

Vipimo na maana yake barabarani

Kwa ujumla, vipimo vya handaki la upepo vinaonyesha kwamba kifuniko kilicho sawa hupunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia chache. Msomaji asichanganye asilimia hiyo na asilimia ya mafuta. Hata katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hewa huchukua takriban nusu tu ya nguvu inayolisukuma gari, na nyingine huenda kwenye matairi. Kifuniko kikipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 4, akiba ya mafuta itakuwa kama asilimia 2 au chini yake.

Mwinuko nao una athari. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya pwani. Ukinzani wa hewa hupungua kwa kiasi hicho hicho, na akiba inayotokana na kifuniko hupungua pia.

Hesabu ya msafirishaji wa Nchelenge

Tuchukue mfano wa pikapu ya dizeli inayotumia lita 10 kwa kilomita 100, kwa safari ya kilomita 250 kwenda sokoni na 250 kurudi. Gari huenda likiwa na magunia yaliyopanda juu ya kuta za bodi, kwa hiyo kifuniko hakiwezi kufungwa. Hurudi likiwa tupu au na mzigo mdogo wa unga, sukari na sabuni, na hapo kifuniko hufungwa.

• Mafuta ya kurudi: lita 25.
• Akiba ikiwa ni asilimia 2: nusu lita kwa safari.
• Msimu wa kazi: uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, hivyo hubaki takriban wiki 39.
• Safari 2 kwa wiki: safari 78 kwa mwaka.
• Akiba ya mwaka mzima: lita 39.

Hizo ni karibu nusu ya tangi la lita 80. Mwenye gari azidishe lita 39 kwa bei ya pampu ya siku hiyo, kisha alinganishe na bei ya kifuniko anachouziwa. Hesabu hiyo itamwonyesha ni miaka mingapi ingepita kabla ya mafuta pekee kurudisha fedha yake. Barabara ikiwa mbovu au mwendo ukiwa mdogo, lita hizo hupungua zaidi.

Uzito wa kifuniko nao hula sehemu ya akiba. Kwa mujibu wa taarifa za Wizara ya Nishati ya Marekani, kila kilo 45 zinazoongezwa kwenye gari zinaweza kuongeza matumizi ya mafuta kwa takriban asilimia 1, ingawa athari ni ndogo zaidi kwa gari zito. Kifuniko kigumu husafiri na gari kila siku, liwe na mzigo au tupu.

Yanayookoa mafuta zaidi ya kifuniko

Mwendo. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa hupunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 36. Hakuna kifuniko kinachokaribia kiwango hicho, na hili halihitaji kununua kitu.

Urefu wa mzigo. Pikapu ya kawaida ina eneo la mbele la mita za mraba 2.5 hadi 3. Magunia yenye upana wa mita 1.5 yakizidi kabini kwa nusu mita huongeza mita za mraba 0.75, yaani kati ya robo na karibu theluthi ya eneo lote. Taarifa hizo za Marekani zinasema sanduku kubwa la mizigo juu ya paa la gari dogo linaweza kupunguza umbali unaotembewa kwa kila lita kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Inapowezekana, magunia yapangwe yasizidi kimo cha kabini.

Turubai. Turubai lililolegea hupigapiga na kushika upepo kama tanga la mashua. Likazwe pande zote, ncha ya mbele ikunjwe chini ya magunia, na kamba zikaguliwe baada ya kilomita chache za mwanzo.

Upepo wa matairi. Matairi yakipungukiwa upepo, ukinzani wake huongezeka, hasa gari likiwa na mzigo. Upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari.

Injini inayounguruma bure. Gari lililosimama huku injini ikiwaka linaweza kuchoma lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na matumizi ya kiyoyozi. Nusu saa ya kusubiri mizigo ufukweni au kukaa kwenye foleni ya mpakani inatosha kumaliza akiba yote ya kifuniko kwa safari hiyo.

Safari tupu. Gari linalorudi na bidhaa za duka hugawa gharama ya mafuta kwa mizigo miwili. Hakuna kifaa kinachofungwa kwenye gari kinachoweza kuleta tofauti hiyo.

Pale kifuniko kinapolipa

Hayo yote hayamaanishi kwamba kifuniko hakina thamani. Samaki mkavu akilowa huota ukungu, na mnunuzi wa sokoni hukata bei au hukataa gunia zima. Kwa anayebeba mzigo mdogo usiozidi kuta za bodi, kifuniko kizuri huzuia mvua, vumbi na mikono ya wezi wakati gari limesimama usiku. Gunia moja lililookolewa na mvua linaweza kuwa na thamani kuliko lita zilizookolewa kwa miezi.

Hata hivyo, kuna tahadhari mbili. Kwanza, samaki asiyekauka vizuri asifungiwe chini ya kifuniko kisichopitisha hewa, kwa kuwa joto na unyevu humharibu haraka. Pili, kifuniko cheusi hushika joto la jua. Samaki wabichi wawekwe na barafu ndani ya sanduku linalozuia joto, na kifuniko kisichukuliwe kuwa badala yake.

Namna ya kupima mwenyewe

Mwenye gari anayetaka uhakika anaweza kupima bila mtaalamu:

1. Jaza tangi hadi juu kwenye kituo kimoja na pampu ile ile, kisha andika kilomita.
2. Safiri njia ile ile, dereva yule yule, mzigo unaolingana na mwendo uleule.
3. Jaza tena kwenye pampu ile ile na andika lita zilizoingia.
4. Gawa lita kwa kilomita, kisha zidisha kwa 100.
5. Rudia safari zisizopungua tatu zenye kifuniko na tatu zisizo nacho.

Safari moja haitoshi. Upepo wa ziwani, mvua, foleni au dereva mwenye haraka vinaweza kubadili matumizi kwa zaidi ya asilimia 2, na tofauti ndogo ya kifuniko ikapotea humo.

Muhtasari

• Kifuniko hupunguza mafuta kidogo, pikapu ikiwa tupu au na mzigo mfupi, kwenye lami na mwendo wa kasi.
• Mlango wa nyuma wa bodi ubaki umefungwa gari linaporudi tupu.
• Kupunguza mwendo, kushusha kimo cha mzigo na kujaza upepo wa matairi huokoa zaidi kwa gharama ndogo.
• Anayenunua kifuniko akinunue kwa ajili ya kulinda mzigo, na alipe bei inayolingana na kazi hiyo. Akiba ya mafuta aihesabu kuwa nyongeza.