Siku niliyoitwa "dada" kwenye ngome ya Rajgad

Mlioniuliza kama nimemezwa na chatu huku Pune, jibu ni hapana, bado nipo, nadunda. Nimekuwa kimya kwa sababu mwezi wa tisa ulinikalia vibaya sana na sikutaka kuja hapa kulialia.

Kwa kifupi ni hivi. Nilikuwa natafuta chumba nje ya hosteli. Kwenye simu mwenye nyumba anasema njoo uone, kipo. Ukifika anakuangalia kuanzia juu hadi chini, halafu chumba "kimeshachukuliwa jana". Mara ya kwanza nikasema bahati mbaya. Mara ya tatu nikaelewa somo. Wiki hiyohiyo, ndani ya basi, vijana wawili wakaniita Habshi, wakacheka mpaka kituo chao. Habshi ni Mhabeshi, lakini kwa jinsi walivyolisema halikuwa jina la kabila wala nchi. Nikarudi hosteli nikaandika barua ya kuomba kuhamia chuo cha nyumbani. Nikaiweka kwenye droo, imebaki kutiwa tarehe tu.

Sasa kuna jamaa mmoja wa darasani, mzaliwa wa Pune, aliniona nimenuna akasema: Jumapili twende Rajgad, ukapate hewa. Nikamuuliza Rajgad ni nini, akasema ni ngome, ipo juu ya mlima. Nikacheka moyoni. Mimi mtoto wa Lushoto, nimekulia Usambara, nimeenda shule kwa kupanda na kushuka, mlima gani wa India utanitisha?

Ngojeni.

Tulitoka saa kumi alfajiri, watu watano kwenye gari la kukodi. Unashika barabara kuu ya kwenda Satara, Nasrapur unakata kulia, halafu ni vijiji na mashamba ya mpunga mpaka Gunjavane chini ya mlima. Ni kama kilomita 60 hivi. Mvua zilikuwa zimekatika juzijuzi tu, kila kitu kijani, ukungu umelala mabondeni. Kwa kweli nilikumbuka nyumbani mpaka koo likakaza. Milima hii inaitwa Sahyadri, nayo imeshuka sambamba na bahari ya magharibi ya India kwa mamia ya kilomita.

Pale chini kijana mmoja anayeuza maji ya limau akanikimbilia: "Dada! Dada! Pani?" Wadau, nilimkazia macho. Yaani mimi na ndevu zangu hizi ananiita dada? Nikajua ni yaleyale ya kwenye basi. Nikampita bila kumjibu. Jamaa yangu akanishika mkono akicheka: kwa Kimarathi, lugha ya huku, dada ni kaka mkubwa. Kijana ananipa heshima! Na kaka je? Kaka ni baba mdogo. Na mama? Mama ni mjomba. Nikarudi nikanunua glasi mbili, kwa aibu.

Tukaanza kupanda. Saa ya kwanza ni msitu, miti na vichaka, udongo mwekundu unaoteleza, maua ya njano pembeni. Nilikuwa mbele ya wote, najionyesha. Msitu ulipoisha, ukaanza mwamba mtupu. Njia tuliyoshika inaelekea lango linaloitwa Chor Darwaza, yaani mlango wa wezi, na mwisho wake ni kupanda kwa mikono na miguu huku umeshika vyuma vilivyopigiliwa kwenye jiwe. Magoti yakaanza kutetemeka. Nimekaa pembeni nahema kama mbuzi, wakanipita akina mama wawili wa kijijini, wamevaa sari, vichwani wamebeba vyungu vya mtindi wa kwenda kuuza juu. Hawakuhema hata kidogo. Mtoto wa Usambara nikainamisha uso.

Sasa historia, maana najua wengine mnasubiri hiyo.

Rajgad iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Zamani mlima huu uliitwa Murumbdev. Shivaji, aliyezaliwa mwaka 1630 na kuwa mwanzilishi wa dola la Wamaratha, aliujenga na kuufanya makao yake makuu kwa zaidi ya miaka 20, kabla ya kuhamia Raigad alikotawazwa mwaka 1674. Mke wake wa kwanza, Saibai, alifia hapa mwaka 1659. Mtoto wake Rajaram alizaliwa hapa mwaka 1670. Kwa hiyo msidhani ni kambi ya askari tu. Palikuwa nyumbani kwa watu: walipika, walizaa, walizika.

Mlima umekaa kama mkono wenye vidole vitatu. Kila kidole ni uwanda mrefu uliozungushiwa ukuta, wenyewe wanauita machi: Padmavati, Suvela na Sanjeevani. Katikati yake limesimama jiwe kubwa, na juu ya jiwe hilo ipo ngome ndani ya ngome, Balekilla. Ukiteka kidole kimoja bado hujateka mkono. Kule Sanjeevani ukuta ni wa tabaka mbili, na kati ya tabaka kuna njia nyembamba. Adui akivunja ukuta wa nje anajikuta kwenye mfereji, na juu yake kuna ukuta mwingine wenye watu. Nilisimama humo nikaangalia juu, nikahurumia waliowahi kuingia.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maji. Kila mahali kuna matangi yaliyochimbwa kwenye mwamba. Mvua za hapa zinanyesha kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, zinanyesha kweli. Aliye juu anakinga maji ya mwaka mzima. Aliyezingira chini anaoza kwenye matope, mizinga imezama, tembo wake hawapandi, chakula hakifiki. Yaani mwamba ulikuwa ukuta, na mvua ilikuwa askari wa zamu.

Sio kwamba hawakushindwa. Mwaka 1665 Wamoghuli walimbana Shivaji kwa jeshi kubwa mpaka akatia saini mkataba wa Purandar. Akatoa ngome 23, akabaki na 12. Rajgad ilikuwa kati ya zile 12. Mwaka uliofuata alikwenda Agra kwa mfalme Aurangzeb, akawekwa chini ya ulinzi, akatoroka. Aliporudi, alirudi hapahapa Rajgad. Mwaka 1670 akaanza kuzichukua ngome zake moja baada ya nyingine. Ndiyo maana Julai 2025 UNESCO ilipoziingiza ngome 12 za Wamaratha kwenye orodha ya urithi wa dunia, Rajgad ilikuwemo.

Basi bwana, tukiwa karibu na hekalu la Padmavati, tumenunua mtindi wa wale akina mama, tumefungua chakula: mikate ya mtama inaitwa bhakri, na pithla, ambayo ni kama uji mzito wa unga wa dengu wenye pilipili. Pembeni yetu walikaa wazee fulani waliopanda pia. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, mvi kichwa kizima, akaniuliza natoka wapi. Vijana wote walimwita kaka, nami nikamwita kaka, safari hii kwa maana ya kwao. Nikamjibu Afrika, Tanzania.

Akatabasamu akasema: "Ah! Habshi!"

Mkate ulinikwama. Nikasema moyoni, hata huku juu? Jamaa yangu akaona, akataka kuingilia, lakini mzee alikuwa ameshaanza kusimulia kwa Kiingereza cha taratibu, kidole kinaelekea kaskazini, kama anayeonyesha nyumba ya jirani.

Akaniuliza kama namjua Malik Ambar. Jina nililisikia siku za nyuma, likapita. Akanisimulia, na niliporudi nikasoma mwenyewe maktaba ili nisiwaletee hadithi za mlimani. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi karibu mwaka 1548. Akauzwa utumwani angali mdogo, akapitishwa mikono kwa mikono katika nchi za Waarabu, mpaka akafikishwa Dekani, nyanda hizi za juu tulizopo. Aliyemnunua huku alikuwa waziri mkuu wa Ahmadnagar, naye pia Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Ambar akaja kuwa huru, akakusanya askari wake, na kuanzia mwaka 1600 akawa ndiye mwenye nguvu nyuma ya kiti cha usultani wa Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwazuia Wamoghuli. Hakuwa na jeshi la kusimama nao uso kwa uso uwandani. Akatumia wapanda farasi wepesi, wengi wao Wamaratha, wanapiga na kupotea milimani, wanakata njia za chakula, wanashambulia usiku. Mfalme Jahangir alimchukia mpaka ikachorwa picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa juu ya mkuki. Picha hiyo ipo hadi leo. Kwenye karatasi alimpata. Vitani hakumpata kamwe.

Na hapa ndipo mzee aliponigusa goti. Mwaka 1624, kwenye vita vya Bhatvadi, Ambar aliyashinda majeshi ya Wamoghuli na Bijapur kwa pamoja. Kati ya makamanda waliopigana upande wake alikuwepo Shahaji. Shahaji ni nani? Ni baba yake Shivaji. Huyu aliyejenga ukuta nilioegemea.

Nisiwadanganye, mzee hakusema kwamba Mwafrika ndiye aliyejenga Rajgad, na mimi sisemi. Shivaji alizaliwa miaka minne baada ya Ambar kufa. Tena Waafrika wengine walikuwa adui zake wakubwa: Masidi wa Janjira, kizazi cha Wahabeshi, walishika ngome yao ndani ya bahari na Shivaji hakuiweza maisha yake yote. Kwa hiyo watu wetu walikuwa pande zote, walimu na maadui. Ninachosema ni kwamba mzee alipotamka Habshi, alikuwa anamtaja mtu ambaye kwenye milima hii aliogopwa na kuheshimiwa. Kwenye basi neno hilohilo lilikuwa mate.

Nimelifikiria sana hili. Pale chini nilikasirikia "dada" lisilo na kosa. Juu nikataka kukasirikia "Habshi" iliyokuwa salamu. Lakini ya kwenye basi lilikuwa tusi, na chumba kile hakikuwa kimechukuliwa. Sitaki mtu anitumie ujumbe kwamba ni tafsiri mbaya tu, nimezidisha. Nilichojifunza ni kidogo kuliko hapo: mwenye kutukana hana hatimiliki ya neno. Kuna wenye historia yake, na baadhi yao ni wazee wanaokula mkate wa mtama juu ya mlima.

Wakati wa kuondoka mzee akaniuliza swali moja: na kwenu, kwenye milima yenu, wafalme walikaa wapi? Nikasema Vuga. Nikaeleza Wakilindi, nikaeleza Kimweri aliyetawala Usambara kutokea kule juu, hata Krapf alipanda kumfuata mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Akasikiliza kwa makini, akauliza: pakoje? Nikanyamaza. Wadau, nimezaliwa milima ileile na sijawahi kukanyaga Vuga. Nimevuka bahari kuja kuhema kwenye ngome ya watu, ya kwetu naijua kwa mtihani wa historia tu. Ile aibu ilizidi ya wale akina mama wenye vyungu.

Kushuka kuliniua magoti. Siku tatu nilipanda ngazi za hosteli kinyumenyume, watu wakanicheka, nami nikacheka. Kucheka nilikuwa nimekusahau.

Barua ipo bado kwenye droo. Sijaichana, nisiwape mwisho wa sinema. Ila tarehe sijaitia. Kesho jioni kuna chumba kingine cha kuangalia, na safari hii jamaa yangu amesema tutaenda wote, yeye ndiye atabisha hodi. Matokeo nitawaletea, yakiwa mazuri au mabaya.

Na nikija likizo, nani ananisindikiza Vuga? Jiandikisheni mapema. Mje na viatu vya maana, na msijisifu kabla ya kupanda.