Nani anaongea? Miaka ya salamu, simu na mitandao kutoka Kuresoi hadi Lanet

Kabla ya simu kupanda milima ya Kuresoi, aliyetaka kumsalimu mtu wa mbali alinunua kadi dukani. Kadi za salamu za redio ziliuzwa pamoja na sukari, chumvi na mafuta ya taa. Mtumaji alijaza jina lake, mahali anakotoka, majina ya anaowasalimu na wimbo ambao angependa wachezewe. Posta iliipeleka Nairobi, kwenye studio za Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 limeitwa KBC, na siku moja mtangazaji akaisoma hewani. Aliyetajwa alikuwa ameketi jikoni, au yuko shambani na redio imening'inia kwenye mti.

Salamu hizo zilizaa urafiki wa kweli. Mashabiki walijipa majina ya sifa, wakajulikana nchi nzima kabla ya kuonana uso kwa uso, kisha wakaunda vyama, wakatembeleana na kuchangiana wakati wa msiba. Kila kadi ilikuwa na jina na anwani, na aliyeisikia alijua ni nani anayemwita na kutoka wapi. Haikuwa bahati tu kwamba katika redio hiyo hiyo Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliendesha tangu 1966 kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichowauliza Wakenya juu ya adabu za kuishi na wenzao. Redio ya taifa ilikuwa uwanja wa umma, na katika uwanja wa umma mtu hujitambulisha kwanza.

Kuresoi ilihitaji uwanja wa namna hiyo kuliko sehemu nyingi za Kenya. Eneo hili, ambalo tangu uchaguzi wa 2013 limegawanywa kuwa maeneo bunge ya Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini, liko magharibi ya Kaunti ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau. Ni nchi ya baridi, viazi, majani chai, pareto na ng'ombe wa maziwa. Wanaishi hapa Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu na Wakisii, mara nyingi kwenye mteremko mmoja, wakichota maji kwenye kijito kimoja. Mmoja husalimu kwa "Chamgei", mwingine "Wĩmwega", mwingine "Bwakire buya", na sokoni wote hukutana kwenye "Habari ya leo?"

Simu za mkononi zilianza kuenea Kenya mwaka 2000, Safaricom na KenCell zilipoingia sokoni. Vijijini, wengi walizoea kwanza vibanda vya Simu ya Jamii, ambako mtu alipiga akalipia dakika alizotumia. Baadaye ikaja ile simu ndogo yenye tochi, mulika mwizi, na pamoja nayo ufundi wa kuflash: kupiga mara moja na kukata, mwenye kredo akupigie. Umeme haukuwepo katika vijiji vingi, kwa hiyo simu ilipelekwa kuchajiwa kituoni kwa shilingi chache na kufuatwa jioni.

Wakati huo huo redio nayo ilikuwa inagawanyika. Kass FM ilianza kutangaza kwa Kikalenjin mwaka 2005, na kampuni ya Royal Media ikawa na Inooro kwa Wakikuyu, Egesa kwa Wakisii na Chamgei kwa Wakalenjin. Lilikuwa jambo jema kwa wazee na kina mama ambao kwa mara ya kwanza walisikia habari za dunia kwa lugha ya nyumbani. Lakini lilikuwa na gharama ambayo haikuonekana mapema: majirani wawili wenye ua mmoja wa michongoma kati yao hawakusikia tena salamu zile zile. Kila nyumba ilikuwa na mazungumzo yake, na ya jirani hayakuifikia.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007.

Kuresoi haikungoja matokeo. Miezi ya mwisho ya mwaka huo, kabla ya kura kupigwa, nyumba zilikuwa tayari zinachomwa na familia zinahama kuelekea Molo na Nakuru mjini. Wakazi wa umri mkubwa waliyaona mapigano ya kikabila ya 1992 yakirudi. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kulikuwa na simu. Habari ya kweli ilikwenda kwa SMS, na uvumi ulikwenda kwa SMS. Laini ya simu wakati huo iliuzwa bila kitambulisho, kwa hiyo ujumbe wa kuwataka watu wa kabila fulani wahame ungeweza kutoka kwa mtu yeyote, na ukishapitishwa na mtu wa tatu au wa nne hapakuwa na wa kuulizwa. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni mnamo Desemba 30, uvumi ulibaki peke yake uwanjani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa nchini, 744 kati yao katika Bonde la Ufa.

Ni kweli kwamba simu haikuwasha kiberiti. Mizozo ya ardhi na siasa za Kuresoi ni za zamani kuliko mnara wowote wa mawasiliano. Ila ujumbe usio na mwenyewe uliwapa watu woga ambao hawakuwa na njia ya kuuhakiki, na mwenye woga usiku huwa hasubiri asubuhi aulize.

Jinsi Wakenya walivyojibu katika wiki zile inastahili kukumbukwa. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya SMS kabisa. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, aliishawishi ikubali njia nyingine: kampuni ikatuma ujumbe wa amani kwa wateja wake wote, takriban milioni tisa. David Kobia, aliyekuwa akiendesha ukumbi wa mazungumzo wa Mashada, aliufunga mwishoni mwa Januari 2008 baada ya kushindwa kuzuia matusi ya kikabila, na mahali pake akafungua ukurasa ulioitwa I Have No Tribe. Mtu yuleyule alikuwa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, pamoja na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich. Ilikuwa ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuipelekea taarifa ya alichokiona kwa simu au barua pepe, nayo ikaonyeshwa mahali ilipotokea. Miaka miwili baadaye ramani hiyo ilisaidia kutafuta manusura wa tetemeko la ardhi huko Haiti. Mwisho wa 2012, laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa jina la mwenyewe zilizimwa Kenya nzima.

Lakini jibu lililowafaa zaidi watu wa kawaida wa Nakuru lilitoka kwa chifu.

Lanet Umoja iko upande wa pili wa kaunti, karibu na mji wa Nakuru, kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Chifu wake wakati huo, Francis Kariuki, alikuwa mwalimu kabla ya kupewa cheo hicho. Kwa desturi chifu huwasiliana na raia kwa barua, kwa matangazo yanayobandikwa ukutani na kwa baraza chini ya mti, na baraza huitishwa siku kadhaa mapema. Mwizi hangoji baraza. Kariuki akafungua akaunti ya Twitter na kuanza kuandika yale ambayo raia walikuwa wakimpigia simu kumweleza: mtoto aliyepotea, mfugo uliotoroka, nyumba iliyovamiwa.

Mwanzoni mwa 2012 habari zake zilisambazwa duniani na shirika la habari la AP. Saa kumi alfajiri alipigiwa simu kwamba wezi wako kwenye nyumba ya mwalimu mmoja. Aliandika ujumbe, na dakika chache baadaye majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba, wezi wakatoroka. Siku nyingine alitangaza kondoo wa rangi ya kahawia na nyeupe mwenye kamba ya nailoni shingoni, naye akapatikana. Ng'ombe aliyeibwa alikutwa ameachwa, amefungwa kwenye nguzo. Kariuki aliamini kwamba hata wezi wa lokesheni yake walikuwa wakimfuata Twitter, na kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya nguvu ya chombo hicho.

Hesabu ya wafuasi wake wakati huo inashangaza. Walikuwa kama 300, ilhali lokesheni ilikuwa na wakazi wapatao 28,000, wengi wao wakulima wadogo wasio na simu za kisasa. Mjuzi wa biashara ya mitandao angesema akaunti hiyo haina maana. Lakini kila mmoja wa wale 300 alikuwa na jirani, mke, shangazi, mwendesha bodaboda wake. Ujumbe ulisomwa na mmoja, ukageuzwa kuwa SMS kwa watano, ukatamkwa kwa kumi dukani. Kariuki alikadiria kwamba maelfu walifikiwa, na hakuna sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa kondoo walikuwa wakirudi nyumbani.

Kilichokuwa kipya hapo si teknolojia. Ujumbe wa 2007 na ujumbe wa chifu ulipita kwenye simu za aina moja, mara nyingi kwa maneno mafupi ya aina moja. Ule wa pili ulikuwa na mwenyewe. Aliyeutilia shaka angeweza kumpigia chifu, kumfuata ofisini, au kusimama barazani na kumuuliza mbele ya watu wote. Hakuwa mtu wa kujificha, na kwa hiyo watu walitoka nje alfajiri kwa neno lake. Utaratibu wa Nyumba Kumi, wa majirani kulindana, ambao serikali iliuhimiza kuanzia 2013, ulikuja kuingia katika makundi ya WhatsApp ya mitaa kwa njia hiyo hiyo, na unafanya kazi pale ambapo wanakundi wanajua milango ya wenzao.

Huko Kuresoi Kusini, mwaka 2016 ulileta mfano mwingine wa neno lenye mwenyewe. Faith Kipyegon, binti wa kijiji cha Ndabibit karibu na Keringet, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Rio mnamo Agosti 16. Baba yake, Samuel Koech, alizungumza na waandishi wa habari na kumwomba Rais umeme, ili kijiji kiweze kumtazama binti yake akikimbia. Ombi hilo lilienea magazetini na mitandaoni, na baada ya siku chache Kenya Power ilifikisha nyaya Ndabibit.

Sheria nazo zimejaribu kuwafuata watumaji. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo uliowakumbusha wanaosimamia makundi ya mitandaoni kwamba wana wajibu juu ya yanayoandikwa humo. WhatsApp yenyewe ilipunguza mwaka 2019 idadi ya watu au makundi ambayo ujumbe mmoja unaweza kupelekewa kwa mpigo hadi tano. Hatua hizo zina faida, ingawa nyingi huja baada ya neno baya kutoka.

Kazi ya kila siku inafanywa mahali pengine, katika makundi ya wakulima. Viazi vya Kuresoi huoza vikikosa mnunuzi, na kwa miaka mingi mkulima alimtegemea dalali aliyefika na lori na bei yake, pamoja na gunia lililoongezewa kichwa hadi likapita uzito wowote wa haki. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini kanuni haisimami shambani na mizani. Picha ya viazi aina ya Shangi vikiwa vimelundikwa, na bei, na jina la sehemu, Keringet au Kamara au Olenguruone, ndiyo inayomwezesha mkulima kuuliza wa Molo wanauza ngapi leo kabla ya kukubali. Mkulima Young, iliyoanzishwa na Joseph Macharia, ilionyesha mapema kwamba ukurasa wa Facebook unaweza kuwaunganisha vijana wakulima na wanunuzi ambao hawajawahi kuonana.

Matapeli nao wanajua njia hiyo. Kuna mnunuzi anayejifanya ametuma pesa kwa M-Pesa, na kuna muuza mbegu anayepotea akishapata malipo ya kwanza. Ndiyo maana katika makundi yaliyodumu, mgeni hasemi tu "nauza". Huanza na salamu, hutaja jina lake na lokesheni yake, na mara nyingi humtaja mwanakundi anayemjua ili awe shahidi wake. Asipofanya hivyo, mtu humwuliza. Mkisii anamwuzia Mkikuyu mbegu, Mkipsigis anamwelekeza Mkisii kwenye duka la dawa ya ukungu unaochoma majani, wote kwa Kiswahili cha sokoni, katika milima ambayo mwaka 2007 simu zilibeba amri za kuhama.

Agosti 2027 kutakuwa na uchaguzi mwingine. Makundi haya ya viazi, maziwa na mbegu yatafikiwa na jumbe za kisiasa kama yalivyofikiwa 2017 na 2022, na wasimamizi wake, ambao wengi ni wakulima wasiolipwa chochote, ndio watakaoamua usiku kama ujumbe ubaki au uondolewe. Wanastahili kusaidiwa sasa, wakati mizozo ni ya bei ya gunia tu.