Sailensa: sheria ya kelele za magari ilivyotoka sikioni ikafika kwenye desibeli

Kijana wa Majimoto, mkoani Katavi, Tanzania, anayetoboa sailensa ya bodaboda ili mlio utangulie kufika, huenda akadhani anakwepa kanuni ya juzi. Kanuni yenyewe imepita umri wa karne.

Ndugu wawili wa familia ya Reeves, jimbo la Indiana, Marekani, walisajili hataza ya sailensa ya injini mwaka 1897. Haikuchukua muda madereva wakabuni njia ya kuikwepa: kilango kilichoruhusu moshi utoke moja kwa moja, wakiamini injini itapata nguvu zaidi. Uingereza ilipiga marufuku vilango hivyo mwaka 1912. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 ukakaza zaidi: sailensa ifanye kazi wakati wote, na dereva asiweze kuizima akiwa barabarani.

Likabaki swali moja. Kelele "iliyozidi" imezidi kwa sikio la nani, la askari au la dereva? Hapo ndipo desibeli zilipoingia sheriani. Mwaka 1970 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliweka kikomo cha desibeli 82 kwa gari dogo. Kikomo hicho si cha kuchezea, kwani kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara 10.

Afrika Mashariki ilifuata. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 ziliweka desibeli 50 mchana na 35 usiku katika makazi ya watu. Kenya ilitunga zake mwaka 2009. Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na viwango vya kelele na mitetemo vikafuata mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2010, zilitoka kanuni za leseni za bodaboda na bajaji.

Kwa hiyo kelele za barabarani nchini Tanzania zina wasimamizi wawili: NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa sheria ya mazingira, na trafiki kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Desibeli zinadai kipimo na mtu aliyefunzwa kukitumia. Kanuni ya zamani, ya sailensa nzima, inadai macho tu. Kwa mji mdogo kama Majimoto, hiyo ya zamani ndiyo iliyo karibu: bomba lililotobolewa halihitaji mashine ya kulishuhudia.