Ilani za Farasi Dume

Walowezi wa Kiingereza walipoanza kujitwalia mashamba katika nyanda za juu za Kenya, miaka michache baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, walikuja na mbegu za ngano, kondoo wa sufu na plau za chuma. Walakini pamoja na vitu hivyo, ambavyo faida yake ilionekana na kila mwenye macho, walikuja na desturi moja ambayo mzee wa pwani, lau angalisomewa habari zake, angalizisikiliza kwa mshangao, nayo ni desturi ya kumtangaza farasi dume kwa maandishi ya chapa, ili wenye farasi majike wawapeleke kwake kupandwa kwa ada.

Ilani hiyo ilikuwa na mpango wake, uliokwisha kukomaa Uingereza tangu karne ya 18 na kuenea kote walikokwenda Waingereza na farasi wao, tangu Australia na New Zealand hata Afrika ya Kusini. Juu kabisa liliandikwa jina la farasi kwa herufi kubwa. Chini yake rangi yake, kimo chake na mwaka aliozaliwa. Kisha nasaba yake, babaye na babuye na baba wa mamaye, ikapanda hata ikafika kwa farasi mashuhuri ambaye kila msomaji alimjua. Kisha mashindano aliyoshinda, na watoto wake walioshinda ikiwa amekwisha kuzaa. Baada ya sifa ilifuata hesabu: ada ya kupanda, gharama ya kumlisha jike kwa juma muda atakaokaa shambani, na sharti la fedha kurudishwa au kutorudishwa endapo jike hakushika mimba. Uingereza ada hiyo ilihesabiwa kwa gini, yaani shilingi 21, kipimo kilichopendwa na watu waliojiona waungwana. Afrika ya Mashariki ilikuwa na rupia hata mwaka 1920, kisha florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Na chini ya ada ya bwana mara nyingi ilikuwako ada nyingine ndogo, ya saisi, yaani mtunza farasi. Namwomba msomaji aikumbuke ada hiyo ndogo, maana katika ilani nzima, iliyojaa majina ya wanyama, saisi hakutajwa ila kwa kiasi cha fedha.

Chanzo cha mambo haya ni hofu ya kudanganywa. Farasi wa mashindano ana thamani kwa damu yake, na damu haionekani kwa macho. Kwa hiyo Waingereza walitunga kitabu cha nasaba, ambacho utangulizi wake ulichapishwa na James Weatherby mwaka 1791, na farasi asiyeandikwa humo hakuhesabiwa kuwa wa usuli safi. Walipoifuata mizizi waliwakuta madume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki, na mmoja wao, aliyenunuliwa Halab katika nchi ya Sham mwaka 1704 na Thomas Darley, ndiye aliyepata uzao mkubwa kupita wote. Kitukuu chake alimzaa Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 jua lilipopatwa, akashindana mara 18 bila kushindwa hata mara moja, kisha akawekwa shambani karibu na Epsom na kutangazwa kwa wenye majike. Na leo sehemu kubwa sana ya farasi wa mbio duniani hurejea kwake kwa upande wa baba. Basi mlowezi aliyesifu nasaba ya dume lake katika bonde la Ufa alikuwa akisifu, ajue asijue, damu iliyotoka kwa Waarabu.

Na Waarabu wenyewe, je, waliifanyaje kazi hii? Hapa ndipo tofauti ilipo, nayo ni kubwa. Mabedui walihifadhi nasaba za farasi kwa ulimi na kwa hati ya ushahidi iitwayo hujja, wakazitaja koo kama Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani na Hadban. Lakini ukoo wa farasi kwao ulifuata mama. Jike ndiye aliyekuwa fahari ya hema, ndiye aliyepandwa vitani kwa kuwa halii apatapo harufu ya farasi wa adui, na mtu angeweza kuuza madume yake yote lakini asikubali kumtoa jike mmoja. Ilani ya Kiingereza ilianza kwa baba kwa sababu baba ndiye aliyekuwa bidhaa: jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, ilhali dume huweza kupelekewa makumi ya majike katika msimu mmoja, na kila mmoja wao analipiwa.

Fauka ya hayo, kuna hukumu ya sharia ambayo kila mwanachuoni wa pwani ameisoma. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alikataza kuchukua thamani ya fahali kupanda. Na wanazuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea kutoka Mogadishu hata Kilwa, wakashika kwamba kitendo hicho hakiuzwi wala hakikodishwi, kwa kuwa matokeo yake hayamo mkononi mwa mwenye mnyama, ijapokuwa mwenye jike akitoa zawadi kwa hiari yake inapokelewa. Wamaliki waliruhusu ujira kwa muda au idadi inayojulikana. Kwa mtu aliyelelewa katika elimu hiyo, dume lilikuwa jambo la ujirani: jirani akiomba, humnyimi, na shukrani yake ni juu yake. Mimi naiona hukumu hii kuwa ya busara kubwa, maana ile migogoro ya jike asiyeshika mimba, iliyowalazimisha Waingereza kuandika masharti marefu chini ya ilani zao, hukumu hii iliizibia mlango tangu mwanzo.

Wala isidhaniwe kuwa watu wa bahari yetu walikuwa wageni wa farasi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia pia jinsi farasi walivyopakiwa Dhofari kupelekwa Bara Hindi, biashara iliyotajirisha bandari za Arabuni kwa karne nyingi. Unguja, katika siku za Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala hata mwaka 1856, farasi walikuwako katika majumba ya kifalme, na bintiye Salme ameandika katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kuwapanda. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, iitwayo Sultana, ilipotia nanga New York, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi zilizokusudiwa Rais Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na kwa kuwa katiba ya Marekani haikumruhusu Rais kupokea tunu ya mfalme wa kigeni bila idhini ya Kongresi, farasi waliuzwa na fedha zikaingia hazina. Sayyid Said alitoa farasi kama mfalme atoavyo kwa mfalme mwenziwe, na sheria ya nchi iliyopokea haikumwachia Rais heshima hiyo.

Lakini farasi wa Unguja walikuwa wa kuletwa, wakifa wakiletwa wengine, na bara ya Mrima ilikuwa mbaya zaidi kwao. Sisi tunaokaa Mbezi Beach tunaishi katikati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, katika mwambao ambao mbele yake zilikuwa bandari za misafara na nyuma yake ilikuwa nchi ya mbung'o. Na mtu akiuliza kwa nini pembe na mizigo yote iliyofika Bagamoyo ilifika juu ya mabega ya Wanyamwezi na wapagazi wengine, wala si juu ya mgongo wa mnyama, jawabu limo katika maradhi. Msafiri Henry Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na punda 27 na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, mwendo wa siku chache kutoka pwani. Nagana, ambayo daktari David Bruce aliifunua kuwa ni maradhi yaletwayo na mbung'o alipoichunguza Zululand katika miaka ya 1890, na tauni ya farasi, ambayo huua wengi sana kati ya wanaoipata kwa mara ya kwanza, zilihakikisha kwamba hapakuwa na mtu wa kutangaza dume katika pwani hii, kwa kuwa hapakuwa na majike wa kupelekewa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilithibitisha jambo hilo kwa gharama ya kutisha: mwaka 1916 jenerali Van Deventer wa Afrika ya Kusini aliwaongoza askari wake wa farasi kutoka Arusha hata Kondoa Irangi katika masika, na njia yote nyuma yake ikajaa mizoga.

Kwa hiyo nchi ya mbio za farasi ilikuwa lazima iwe nchi ya baridi. Farasi wa kwanza wa Nairobi aghalabu walikuwa wadogo, walioletwa kutoka Usomali na Uhabeshi pamoja na Wasomali waliojua kuwatunza. Walikuwa wagumu na wastahimilivu, lakini si wa mwendo. Mlowezi aliyetaka mbio alihitaji kuichanganya damu hiyo na ya farasi wa Kiingereza, na kumleta dume mmoja kwa meli hata Mombasa, kisha kwa gari la moshi hata Nakuru, ilikuwa gharama isiyowezekana kwa wengi. Hapo ndipo ilani ilipopata kazi yake ya kweli: dume mmoja mwenye jina, katika shamba moja, aliweza kuwafaa wenye majike wa masafa ya siku mbili au tatu, na kwa kizazi kimoja au viwili farasi wa nchi wakabadilika umbo.

Walakini ilani ilisifu kile ambacho nchi haikukijali. Tauni ya farasi haikuuliza nasaba. Afrika ya Kusini farasi aliyekwisha kuugua akapona aliuzwa kwa bei kubwa mara kadhaa kuliko mwenziwe asiyeugua, hata kama babaye hakujulikana. Na Kenya, kabla ya chanjo iliyotoka maabara ya Onderstepoort, huko huko Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1930 kuenea, uhai wa dume la thamani ulitegemea mambo madogo ya kila jioni: aingizwe bandani kabla ya jua kutua, milango ifungwe, moshi ufukizwe, kwa kuwa watu walijua kwa uzoefu kwamba usiku ndio unaoua, miaka mingi kabla ya wataalamu kuthibitisha mwaka 1944 kwamba visubi ndivyo viletavyo ugonjwa. Na aliyeyafanya hayo kila jioni alikuwa saisi.

Katika Njoro, shamba la mlowezi Charles Clutterbuck lilikuwa maarufu kwa farasi, na bintiye Beryl, aliyejulikana baadaye kwa jina la Markham, alikulia humo pamoja na watoto wa Wakipsigis na Wanandi. Kitabu chake cha mwaka 1942 kinamweleza Camciscan, farasi dume mkali aliyeletwa kutoka Uingereza, kwa upana na heshima ambayo waandishi wengi huwapa wanadamu. Ukame uliofuata vita ulimfilisi baba, naye akahamia Peru. Binti akabaki, akapata leseni ya kufundisha farasi angali kijana sana, na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, akashinda mashindano ya St Leger ya Nairobi. Kando yake alikuwako arap Ruta, aliyecheza naye utotoni kwa jina la Kibii na ambaye, walipokuwa watu wazima, ndiye aliyesimamia mabanda yake. Twamjua Ruta kwa sababu Beryl alimwandika. Wenziwe, walioamka alfajiri katika mabanda ya Njoro, Nakuru na Nairobi, walioukanda mguu uliovimba na kulala karibu na jike anayezaa, hawakuandikwa na mtu.

Tena waliandikwa, lakini kwa namna nyingine, na jambo hili ndilo linalonikaa moyoni kila nizisomapo habari hizi. Sheria ya kipande ilipitishwa Kenya mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alipaswa kuchukua hati yenye alama za vidole vyake, kabila lake, mabwana aliowatumikia na mshahara aliolipwa, ndani ya kijaluba cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Katika banda moja, basi, palikuwa na viumbe wawili wenye maandishi. Ya farasi yalisema ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, na ameshinda nini. Ya mtu yalisema amemfanyia kazi nani, na kwa rupia au shilingi ngapi. Watu wa Kiafrika wana nasaba zao, Wanandi na Wakipsigis wana koo na marika yao yenye majina yanayojulikana na kila mzee, na Msomali humhesabia mwanawe babu kwa babu hata kizazi cha kumi na zaidi. Hakuna mwenye kuweka orodha ya utumishi aliyeona haja ya kuyauliza hayo, ilhali kosa dogo katika nasaba ya farasi lingemharibia mwenye dume sifa yake katika nchi nzima.

Mbio za Nairobi zilihama mwaka 1954 kutoka uwanja wa zamani upande wa Eastleigh kwenda Ngong Road, na huko zingaliko. Kanuni ya farasi wa usuli safi haijabadilika: mtoto aliyepatikana kwa mbegu iliyopandikizwa haandikwi kitabuni, lazima dume na jike wakutane, na kwa hiyo madume hutangazwa mpaka leo, pamoja na nasaba zao na ada zao. Lililobadilika ni orodha ya siku ya mashindano. Wapanda farasi wengi wa Ngong ni Wakenya weusi, wengine wao ni waliokulia katika mabanda yale yale, na jina la mpandaji huchapwa katika mstari mmoja na jina la farasi.