Safu ya Lugha: Kuchelewa kwake au yeye kuchelewa?

Malaba, kwenye foleni ya malori yanayoingia Uganda, hukosi kusikia: "Tumelala hapa kwa sababu ya yeye kuchelewa kuleta karatasi." Inaeleweka, lakini Kiswahili kina njia fupi na tamu zaidi: kwa sababu ya kuchelewa kwake. Mwenye kitendo hufuata nyuma: kuvuka kwangu, kufika kwenu, kuchelewa kwa wakala. Waingereza nao wana ugomvi huu: H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwakemea wanaosema "me" (mimi) panapotakiwa "my" (yangu).

Mtendaji akiwa yule yule katika vitendo vyote viwili, mwache kabisa. Mpakani Busia nako, wabadilisha fedha husikia: "Baada ya mimi kuvuka, nilitafuta shilingi za Uganda." Huyo "mimi" ni wa nini? Sema: baada ya kuvuka, nilitafuta. Ila ukitofautisha watu, mpe nafasi yake: "Badala ya mimi kuvuka, vuka wewe." Hapo hata mkali wa lugha hana neno. Na asije mtu akachanganya vyote, "kwa sababu ya yeye kuchelewa kwake"; mwenye kitendo hatajwi mara mbili.