Hatari ya kulegeza misuli moyo unapobanwa na maji

MOYO wa binadamu hukaa ndani ya mfuko wa tabaka mbili. Baina ya tabaka hizo huwa na majimaji machache, kwa kawaida mililita 15 hadi 50, yanayouwezesha moyo kupiga bila kukwaruzwa. Yanapozidi, moyo hubanwa. Kusini mwa Jangwa la Sahara chanzo kikuu ni kifua kikuu, hasa kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi; saratani, maradhi ya figo na majeraha ya kifua pia huchangia.

Mgonjwa wa aina hii anapohitaji upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi hukabiliwa na mtihani mgumu. Uhai wa mgonjwa hutegemea moyo uendao mbio na damu inayorejea moyoni. Anapovuta pumzi mwenyewe, shinikizo ndani ya kifua hupungua na damu huvutwa kuelekea moyoni. Dawa za kulegeza misuli hukatiza msaada huo. Dawa hizi, zilizotokana na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini ambayo Dkt Harold Griffith aliitumia mjini Montreal, Canada, mwaka 1942, hulemaza hata misuli ya kupumulia. Mashine huanza kusukuma hewa mapafuni, shinikizo la kifua hupanda na damu inayorejea hupungua. Mgonjwa huweza kuzimika katika dakika chache. Kwa hakika, pumzi ya mashine ndiyo huogopwa zaidi kuliko dawa yenyewe.

Kwa sababu hiyo, inapowezekana, maji hutolewa kwanza kwa sindano, mgonjwa akiwa macho na ngozi imetiwa ganzi. Hata kiasi kidogo kikitoka, nafuu huonekana. Ikibidi alazwe usingizi, wengi huchagua ketamini, dawa ya bei nafuu ambayo, ikipimwa vyema, haikatizi pumzi. Misuli hulegezwa baada ya mfuko kufunguliwa. Lisipokuwapo budi kuilegeza mapema, kifua husafishwa na kufunikwa vitambaa mgonjwa angali macho, naye mpasuaji husimama tayari, kisu mkononi.

Dawa nazo hutofautiana. Pankuroniamu huharakisha mapigo, jambo lifaalo hapa. Rokuroniamu na vekuroniamu huyabadilisha kidogo tu. Atrakuriamu huweza kushusha shinikizo la damu, ilhali saksamethoniamu, hasa ikirudiwa, huweza kuupunguzia moyo kasi.

Mfuko ukishafunguliwa, shinikizo la damu huweza kuruka ghafla, na mtaalamu hulazimika kubadili mkondo papo hapo.